Mzungu hajafa, kafungua akaunti: nani hasa kapandisha bei ya mtumba wa lebo?

Kuna ugomvi mmoja mtandaoni haufi. Kila baada ya wiki kadhaa mtu anapiga skrinshoti ya posti ya kijana anayeuza mtumba wa kiume Insta, fomu siksi (fulana ya kola) ya Ralph Lauren elfu 45, halafu anaandika juu yake "hii si ndo ile ya buku tano Karume?", yaani soko la mtumba la Ilala, Dar es Salaam, na hapo moto unawaka. Wauzaji wanaitwa walanguzi, wanaitwa madalali waliovaa vizuri, wanaambiwa wamemnyang'anya mnyonge mtumba wake. Sasa hivi ugomvi umepata kuni mpya kutoka Ulaya, maana tangu 1 Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo za zamani peke yake, zisichanganywe na takataka nyingine, na watu wetu wakapiga hesabu ya haraka: nguo zitakusanywa nyingi zaidi, zitakuja nyingi zaidi, bei itashuka, na isiposhuka basi jua kuna kijana wa Insta kaikalia. Mimi naona hesabu hiyo imekosewa kuanzia mstari wa kwanza. Bei ya nguo za kiume zenye jina haikupandia Ilala. Ilipandia huko huko zinakotoka, na waliopandisha ni watu wale wale ambao zamani walikuwa wanazitupa. Na kuna jambo jingine ambalo najua litanipatia matusi ila nitalisema na hesabu yake nitaiweka: mara nyingi huyo kijana wa elfu 45 ndo anayefanya shati la kawaida la mtu wa kawaida libaki bei ya kawaida.

Tuanzie nyuma kidogo. Wazee wetu mtumba waliuita "kafa Ulaya", yaani mwenye nguo kafariki ndo maana imefika huku. Rais Museveni naye Agosti 2023, akiwa kwenye eneo la viwanda la Mbale, alisema kitu hicho hicho alipotangaza kwamba anazipiga marufuku, kwamba ni nguo za watu waliokufa. Ukiuchukua msemo huo kama ukweli ni hadithi tu, wengi wa wenye nguo wapo hai na wanakula vizuri, ila kama nadharia ya bei ule msemo ulikuwa na akili sana. Marehemu hapangi bei. Na Mzungu wa miaka ya tisini, hata akiwa mzima wa afya, kwa ile nguo iliyomchosha alikuwa sawa na marehemu, kwa sababu kuitafutia mteja shati moja lililovaliwa kulikuwa na usumbufu kuliko thamani ya shati lenyewe. Analiweka kwenye mfuko, anaupeleka kwenye sanduku la hisani, kesi imeisha. Duka la hisani linauza sehemu, nyingi zinazobaki zinauzwa kwa uzito kwa wachambuaji, wachambuaji wanazipanga madaraja na kuzifunga mabelo, na belo linapanda meli. Kwenye mnyororo wote huo hakuna aliyekuwa na muda wa kukaa na shati moja moja na kuuliza hili ni la nani, limeshonwa wapi, mwaka gani. Ndo maana mali ilikuwa inapita. Ile buku tano ya Karume haikuwa bei ya nguo hata siku moja, ilikuwa bei ya kutojua, na kutojua huko kulikuwa kwa Mzungu kuliko kwetu.

Halafu ikaja simu. Vinted, mtandao wa watu kuuziana nguo zao, ilianzia Vilnius, Lithuania, mwaka 2008, kwanza ikiwa ya akina dada kuuziana magauni, leo ndo soko ambalo kwenye robo ya kwanza ya 2025 lilitajwa kuwa muuzaji namba moja wa nguo Ufaransa kwa idadi ya vipande, na tunaongelea Ufaransa, sio kijiji. Mapato yake ya 2024 yalipita euro milioni 800. Siri yao kubwa ni ndogo sana: muuzaji halipi kitu, ada analipa mnunuzi. Ukifikiri vizuri utaona hiyo ndo sentensi iliyoua "kafa Ulaya", maana kama kuuza ni bure na simu unayo na lebo ya posta unaprinti, basi hata shati la euro 6 lina maana ya kuuza, sembuse koti la Barbour. Upande wa wanaume hasa kuna Grailed ya New York, soko lililojengwa kwa ajili ya nguo za kiume za majina, na mwaka 2022 likanunuliwa na GOAT wale wa raba. Kuna Depop, kuna eBay ambayo ni babu yao wote, kuna Vestiaire Collective ya Paris kwa wenye hela zaidi. Na usisahau maduka ya hisani yenyewe, siku hizi mengi yana mtu wa kukaa na kompyuta kuangalia lebo kabla kitu hakijapelekwa kwenye kilo. Kwa hiyo mchujo unaanzia kabatini kwa mwenye nguo, unaendelea dukani, unaendelea kiwandani kwa mchambuaji, na hata Karachi na Sharjah na Kandla kule India, ambako mzigo mwingi unapita kabla ya kuja huku, wapo wafanyabiashara wa nguo za kale wanaokwenda kuchagua juu ya mkanda. Sisi kwenye foleni hiyo tulikuwa watu wa mwisho toka zamani, ila zamani waliotutangulia walikuwa wanapita wamefumba macho.

Na kwa wanaume hali ni mbaya zaidi kuliko kwa wanawake. Mwanaume, Mzungu au Mwafrika, anavaa nguo mpaka ikatike kwenye kola, ananunua chache, anatoa chache, ndo maana toka zamani belo la mashati ya kiume zuri lina bei kuliko la blauzi na kila mfungua belo analijua hilo. Kwa hiyo ukitoa kidogo juu ya kitu ambacho tayari ni kidogo, pengo linaonekana haraka.

Sasa niweke hesabu niliyoahidi, na naomba msomaji aiangalie taratibu maana hapa ndo penye nyama. Belo la kawaida ni kilo 45. Shati la kiume lina kama gramu 250 hivi, kwa hiyo belo moja lina kama mashati 180. Bei nitakazotumia ni za mfano, kila mtu aweke za sokoni kwake. Tuseme belo limenunuliwa 900,000. Limefunguliwa, na ndani mashati 60 ni mazuri yanaenda elfu 8, hiyo ni 480,000. Mashati 80 ni ya wastani, elfu 3, hiyo ni 240,000. Mashati 36 ni ya kumwaga chini na kupiga kelele buku buku, hiyo ni 36,000. Jumla umepata 756,000 na umebakiwa na mashati manne, haya manne ndo yenye majina. Umepungukiwa 144,000 kurudisha tu hela ya belo, bado meza, bado mbebaji, bado ulinzi wa usiku, bado ile siku mvua inanyesha. Gawa 144,000 kwa manne: elfu 36 kila moja. Yaani lile shati la Ralph Lauren ambalo kijana kaliweka elfu 45, pale pale mezani kabla hajaligusa lilikuwa linatakiwa litoke kwa elfu 36 ili mama mwenye belo asilale na hasara. Kijana wa Insta ndo anayekuja saa kumi na mbili asubuhi belo linapofunguliwa, analipa hiyo hela kwa chaguo la kwanza, anaondoka. Na kwa sababu yeye kalipa, yule mama anaweza kuuza yale 60 kwa elfu 8 na yale 36 kwa buku.

Kisha fikiria mashati matatu kati ya yale manne yamebaki Lyon, yapo Vinted. Limekuja moja. Pengo ni 108,000, na ukilisambaza kwenye yale mashati 60 mazuri linakuwa 1,800 kwa kila moja. Shati la elfu 8 sasa linatafuta 9,800. Mtu anayeilipa hiyo 1,800 ni fundi, ni mwalimu, ni kijana wa usaili anayetaka shati moja jeupe, na wakati analipa anamlaani kijana wa Insta ambaye hata hakuwepo siku hiyo, maana hakukuwa na cha kumfuata.

Najua msomaji mkali atasema biashara haiendi hivyo, bei haipangwi na gharama, inapangwa na mfuko wa mteja, mama hawezi kupandisha 1,800 kama mteja hana. Hoja nzuri, naikubali nusu. Muda mfupi ni kweli, mama anauza vile vile elfu 8 na hasara anaila yeye. Ila hasara ya belo haina pa kurudi nyuma, maana mwenye kontena naye kalipa meli ambayo haiangalii lebo, na kalipa forodha. Ushuru wa mtumba kwenye Afrika Mashariki umewekwa kwa namna ya asilimia 35 au kiwango fulani kwa kilo, kile kinachozidi ndo unalipa, na kilo haijui kama ndani kuna Purple Label, lile daraja la juu la Ralph Lauren, au kuna fulana ya bei chee iliyofuliwa mara tatu ikapinda. Kwa hiyo mzigo ukipungua ubora, bei ya belo haishuki kwa kiasi kile kile. Mama akila hasara mabelo matatu mfululizo anahama, anakwenda kuuza vyombo vya plastiki, na aliyebaki anapandisha. Njia ni ndefu zaidi kuliko hesabu yangu ya mezani, lakini inafika pale pale.

Haya, tuwape na wanaolalamika haki yao, kwa sababu wapo wenye hoja na wapo wenye kelele. Kelele kubwa ni ile ya kwamba nguo zilitolewa sadaka, ni za bure, kwa hiyo yeyote anayepata faida juu yake ni mwizi. Hii ndo hoja dhaifu kuliko zote na ajabu ndo inayosemwa kwa sauti kubwa. Sadaka inaishia kwenye sanduku. Kuanzia hapo kila mkono ulioshika ile nguo umelipwa, dereva wa lori Hamburg kalipwa, mchambuaji kalipwa, bandari imelipwa, serikali yetu imelipwa, na sioni kwa nini wa mwisho kwenye mnyororo, ambaye kalifua, kalipiga pasi, kalirudishia kifungo, kalipima kwapa hadi kwapa, kalipiga picha, kajibu "bei?" mara sabini na kalipeleka kwenye basi la Mwanza, ndo awe mtu pekee anayetakiwa kufanya kazi kwa thawabu. Halafu tuangalie majina yenyewe. Wanyarwanda mtumba wanauita caguwa, ambalo ni neno letu chagua. Wazambia wanauita salaula, na kwa Kibemba ni kule kuchakura kwenye rundo mpaka upate. Lugha mbili za jirani zimeitaja biashara nzima kwa kazi ya kuchagua, nguo yenyewe haimo kwenye jina. Walioita hivyo walijua kinachouzwa pale ni nini.

Hoja yenye uzito ni nyingine: kwamba wauzaji wa mtandaoni wakiwa wengi wanashindana kwenye chaguo la kwanza, wanapandishiana, na mwisho mtu wa kawaida aliyekuwa anabahatisha kitu kizuri Jumamosi asubuhi habahatishi tena. Hii ni kweli kabisa, nimeiona, na sina namna ya kuipamba. Ile raha ya kuchakura rundo la buku ukaibuka na kitu cha maana imekufa au iko mahututi. Ila ukiangalia kwa makini, kilichopotea pale ni bahati nasibu ya wachache wenye jicho. Mtu mwenye jicho alikuwa anafaidi kutojua kwa muuza meza, na alikuwa anaenda nyumbani anacheka. Sasa jicho hilo hilo limekuwa biashara, na muuza meza anapata sehemu yake. Naelewa kwa nini mwenye jicho analalamika. Ila asijiite mnyonge.

Hoja ya pili yenye uzito ni uongo, na hapa wauzaji wa mtandaoni wajiangalie wenyewe. Picha imepigwa filta mpaka doa la kahawa limekuwa kivuli. Kapsheni inasema "kama mpya" na tundu lipo kwapani. Bei inboksi, na inboksi bei inategemea picha yako ya profaili. Ukituma hela kwa lipa namba, nguo ikija sivyo, "hatubadilishi boss". Wenzao wa Vinted hawana roho nzuri kuliko sisi, tofauti ni kwamba kule hela inashikwa na mtandao mpaka mnunuzi aseme kitu kimefika kama kilivyoelezwa. Huku hela inaingia kwenye simu ya muuzaji sekunde ile ile na wewe unabaki na imani. Hilo ni tatizo la namna ya kulipana, linatengenezeka, na nashangaa kuona kelele zote ni za bei na hakuna anayepigia kelele hili.

Kuna na utetezi mmoja wa wauzaji ambao nao ni mbovu, ule wa "mtumba wote ni OG (orijino), feki ziko dukani". Jamani. Mzungu naye ananunua feki. Alikwenda likizo Uturuki mwaka 2008, akanunua fomu siksi yenye farasi wa Ralph Lauren kwa euro 10, akaivaa, ikamchosha, akaitupa kwenye sanduku, imekuja kwenye belo. Kutoka kwenye belo ni ushahidi kwamba nguo ilivaliwa Ulaya, haithibitishi ilitengenezwa na nani. Na hata ikiwa ya kweli bado kuna ya kweli na ya kweli. Yule farasi wa U.S. Polo Assn. ni wa kampuni nyingine kabisa, si wa Ralph Lauren, na hapa mjini watu wanauziwa kama ndugu mmoja. Brooks Brothers yenye 346 kwenye lebo mara nyingi ni ile iliyokuwa ikitengenezwa kwa ajili ya maduka yao ya bei nafuu, si sawa na ya duka kuu. Levi's yenye E kubwa kwenye kile kitambaa chekundu cha mfukoni ni ya kabla ya 1971 na ina wateja Japani wanaoweza kukulipia nauli. Koti la Harris Tweed la kweli lina alama ya tufe lenye msalaba, na kuna sheria ya Uingereza ya 1993 inayosema kitambaa kisipofumwa kwa mkono kwenye nyumba za wafumaji wa visiwa vya Outer Hebrides hakiruhusiwi kuitwa hivyo. Stone Island tangu 2014 wanaweka alama ya kuskani ndani ya nguo. Haya mambo mtu anajifunza miaka, na mengi anayajifunza kwa kupoteza. Mimi mwenyewe niliwahi kuliacha koti la mvua pale Karume, zuri, zito, lebo imeandikwa Burberrys, nikaiona ile s ya mwisho nikacheka, nikajisemea hawa waliofoji hata spelingi imewashinda. Baada ya miezi ndo nikajua kampuni ilikuwa inajiandika hivyo hivyo mpaka 1999. Kijana aliyelichukua nyuma yangu alijua. Sina la kumdai.

Na tukisema ukweli huu ujuzi wa kusoma nguo sio wa jana huku kwetu, majirani zetu wa Kinshasa na Brazzaville wameujenga kuwa kama dini, Mkongo wa La Sape, wale watanashati wa huko, atakutajia kiatu cha J.M. Weston kwa kusikia hatua tu. Kilichobadilika ni kwamba sasa ujuzi una bei inayosomeka. Zamani ukisema jaketi la Polo Ralph Lauren la Snow Beach la 1993 lina thamani ulionekana umechanganyikiwa, maana ukilitazama ni plastiki ya njano na bluu. Sasa yeyote anafungua simu anaona limeuzwa ngapi.

Turudi Ulaya, kwenye ile sheria ya kukusanya nguo, maana ndo iliyouongezea ugomvi huu kuni. Wanaosema mzigo utakuwa mwingi wako sahihi. Wanaosema utakuwa mzuri hawajaangalia nini kinakusanywa. Mtu ambaye nguo zake nzuri kashaziuza mwenyewe kwenye simu, anaambiwa na serikali usitupe zilizobaki kwenye taka, lete hapa. Zilizobaki ni zipi? Ni zile ambazo Vinted hazikupata mteja hata kwa euro 2. Ndo maana wachambuaji wa Ulaya wanalia sasa hivi, wakati kwa hesabu zetu za mtandaoni wangekuwa wanasherehekea. SOEX ya Ujerumani, moja ya kampuni kubwa za kazi hiyo, iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2024. Julai 2025 Le Relais ya Ufaransa waligoma kukusanya, wakaenda kumwaga marundo ya nguo mbele ya maduka, wakisema hela wanayolipwa kwa kila tani haitoshi kuchambua. Kwa nini haitoshi? Kwa sababu kwa miaka yote kazi ile ililipwa na sehemu ndogo ya juu, zile nguo chache nzuri zilikuwa zinabeba gharama ya kuchambua takataka zote. Ni hesabu ya yule mama wa Karume, neno kwa neno, isipokuwa ina tani badala ya mashati manne. Wamechukuliwa mashati yao manne.

Kwa hiyo belo la miaka ijayo naliona hivi: zito, jingi, la poliesta, na chaguo la kwanza lake lingekuwa chaguo la tatu mwaka 2010. Hapo ndipo wenye sera wanapotakiwa kuamka, kwa sababu sera zetu zote za mtumba zimeandikwa kwa lugha ya kilo. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa mtumba ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, yaani kuuza bidhaa kwao bila ushuru, Kenya ikarudi nyuma, sisi na Uganda tukafuata, Rwanda ikasimama na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo na Julai 2018 ikafungiwa nafuu ya nguo. Mjadala wote ule ulikuwa mtumba uje au usije. Hakuna aliyeuliza mtumba gani. Shati la pamba la miaka kumi na tano linalovalika miaka mingine mitano, na fulana iliyokwisha pumzi kabla ya kufika bandarini, kwenye karatasi ya forodha ni ndugu. Tofauti yao itakuja kuonekana dampo. Na mzigo wa kukusanya huko kwao ukizidi, wa kwanza kuombwa kuupokea ni sisi, kwa bei ndogo sana na maneno matamu.

Kwa kijana wa Insta mwenyewe habari si nzuri kama wanaomtukana wanavyodhani. Faida yake iko kwenye pengo la kujua, na pengo linazibwa pande zote mbili. Juu yake Mzungu anajua. Chini yake muuza meza anajua, au anakaribia. Wanaobaki nadhani ni wale watakaojua kitu kimoja kwa undani, makoti tu, au viatu vya ngozi vya kushonwa soli tu, wakawa na wateja wanaowaamini kwa vipimo na kwa kurudisha hela. Wengine wameanza kuwaza kugeuza meli, yaani kitu kikipatikana Karume kinauzwa nje, kwa Mjapani, kwa Mmarekani, na kwa akili ya bei ni wazo zuri. Ila kuna mlango umefungwa: kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya Tanzania imekuwa ya kulipa tu, si ya kupokea, wakati mwenzako wa Nairobi anapokea na kuivuta hela M-Pesa toka 2018. Na Marekani tangu 29 Agosti 2025 imeondoa ule msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800, kwa hiyo hata shati moja sasa linakutana na ushuru. Ajabu iliyopo ni kwamba nguo inaweza kusafiri kutoka Ohio mpaka Ilala bila kuulizwa jina lake, ikitaka kurudi inaombwa pasipoti.

Nilipita Karume wiki iliyopita, sikuwa na nia ya kununua. Kwenye meza moja kulikuwa na fomu siksi ya Ralph Lauren, kijani cha zamani, kitambaa kizito, nikauliza bei. Jamaa hakunijibu. Akasema subiri kidogo kaka, akatoa simu, akaipiga picha lebo, akasogeza kidole chini taratibu, akanigeuzia skrini: dola 38, imeuzwa New York. "Nipe elfu 60, wewe ni mtu wangu." Nikaigeuza ile fulana nikamwonyesha kwapa, tundu la kupitisha vidole viwili. Akaitazama, akaitazama simu, akasema ya kwenye picha hawakupiga huko kwapani, huenda nayo inalo.